Machicha ya Njiapanda

Chai ilikuwa haijapoa mezani, na tayari Tabibu Kong Zhaolin alikuwa amemzika Tabibu Shi mara tatu kwa ulimi.

"Mimi si mtu wa kusema watu, Inspekta," alisema, na hapo alikuwa amesema robo saa nzima. "Lakini mji wote wa Shuikou unajua. Shi anaona wagonjwa sitini kwa siku. Sitini! Nani anaweza kushika mapigo ya watu sitini akayasikia? Anaandika dawa kama karani wa posta anavyogonga mihuri. Haya, leo mtoto wa watu anavuja damu hospitalini. Mimi nilisema. Toka zamani nilisema."

Inspekta Tao Ruilan aligeuza ukurasa. Alikuwa anasoma malalamiko aliyoyaleta Kong mwenyewe asubuhi ile, kurasa mbili zenye mwandiko mzuri na muhuri mwekundu chini. Kwa miaka kumi na tisa maduka ya matabibu hao wawili yalikuwa yakitazamana katika Mtaa wa Madawa, na kila asubuhi foleni ya Shi ilivuka barabara ikafika mpaka kwa Kong. Wagonjwa wa Shi walikaa kwenye benchi la Kong wakingoja kwenda kutibiwa na Shi. Wengine walimwomba Kong maji ya kunywa, naye akawapa. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Kong alikuwa amekonda hadi kola ya shati ikamwacha shingo.

"Umeandika kwa wino mweusi," Tao alisema.

"Naam."

"Ila jina la mgonjwa, Meng Suyin, liko kwa wino wa bluu."

Kong akashika kikombe. "Kalamu iliisha wino."

"Ikaisha kwenye jina tu, halafu ikajaa tena? Na hapa chini umeweka Jumanne, saa kumi alasiri. Jana hiyo Jumanne Suyin alifikishwa hospitali saa kumi na moja na nusu jioni."

"Saa yangu mbovu, Inspekta."

Sajini Pang, aliyebakiza miaka miwili kustaafu na asiyeonekana popote bila mbegu za alizeti mfukoni, alicheka mlangoni. "Kalamu mbovu, saa mbovu. Tabibu, nyumba yako nzima inataka dawa."

Simu ikalia kabla Kong hajajibu. Alikuwa Daktari Rao wa hospitali ya wilaya, mwanamke asiyejua kusalimia.

"Damu haikatiki," alisema. "Tumemwongezea chupa mbili. Niambieni alikunywa nini."

"Tuna cheti cha Tabibu Shi. Dawa sita zimeandikwa."

"Nimekiona. Mfamasia wetu anasema hakuna kitu pale cha kumfanya mtu avuje hivi. Kwa hiyo ama Shi alipima vibaya, ama kuna kitu kingine. Nikijua ni nini nitajua pa kushika. Nisipojua napapasa tu. Mpaka saa sita, Inspekta. Baada ya hapo msinipigie kuniuliza hali yake."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Tao alimwambia Kong anaweza kwenda, lakini asiondoke mjini. Kong akainama, akatoka kwa haraka ya mtu aliyesahau chungu jikoni.

Shi Yunqing alikuwa chumba cha nyuma cha kituo, kwenye kitanda cha mbao. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minane, mgane, mrefu, nadhifu, na wanawake wa kiwanda cha nguo walijikuta wanaumwa kichwa siku za mapumziko yao ili wapate kwenda kushikwa mkono. Idara ya Afya ilikuwa imeshabandika karatasi nyeupe kwenye mlango wa duka lake. Suyin akifa, karatasi ile isingetoka tena, na Shi angetoka chumba kile kwenda jela.

"Nieleze mgonjwa wako alikuwaje," Tao alisema. "Kwa lugha ya kawaida."

"Alikuja mwezi wa Julai, tarehe nane. Uso mweupe umevimba, miguu jioni inajaa maji, tumbo linamsokota, kichwa kinazunguka, siku zake zinakuja kidogo na kwa kuchelewa. Ulimi mnene, umejichora alama za meno pembeni. Damu haba, maji mengi. Sisi hatutibu jina la ugonjwa, Inspekta, tunatibu sura yake. Sura hiyo ina dawa yake, ya zamani sana. Mzizi wa danggui, mzizi wa peoni, na nne nyingine. Kila Jumanne alikuja, nikamwangalia, nikapunguza hiki nikaongeza kile. Alikuwa anapona."

"Inaweza kumvujisha damu?"

"Kwa vipimo vyangu, hapana. Hata angekunywa kibaba kizima, angeharisha tu."

"Basi kwa nini watu wanasema Jumanne ya wiki iliyopita ulimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida? Bi Jiang wako wa dukani amesema hata yeye alishangaa."

Shi akatazama mikono yake. "Kuna kitu nilitaka kukisikia. Sikuwa na uhakika. Nilimwambia arudi Jumanne hii nimsikilize tena, nikamwachia dawa ile ile kwa sababu ingemfaa vyovyote iwavyo. Jana hakuja."

"Kitu gani?"

"Tabibu akikisema kabla ya wakati anaumiza watu. Waambie hospitali wapime mkojo wake. Wapime tu. Nami nakuomba, Inspekta, tafuta machicha ya dawa. Chungu kinaoshwa, mdomo unadanganya. Machicha hayana pa kwenda."

Nyumba ya akina Dai ilikuwa nyuma ya kiwanda, vyumba viwili na jiko la makaa uani. Mume wa Suyin, Dai Guoliang, mchomeleaji vyuma wa miaka thelathini na mitatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu. Jirani mmoja alikuwa anamlazimisha ale bakuli la tambi na kumsifu papo hapo.

"Mume kama huyu utampata wapi, Inspekta? Siku tatu hizi alimchemshia mkewe dawa kwa mikono yake mwenyewe! Wa kwangu hata sufuria haijui iko wapi."

"Siku tatu?" Tao aliuliza.

"Jumapili, Jumatatu, na jana," Guoliang alijibu. "Alikuwa amechoka. Nikamwambia alale."

"Na kabla ya hapo nani alichemsha?"

"Yeye mwenyewe."

Mama Guoliang, kizee kifupi chenye sauti ya tarumbeta, aliingia na kapu la mboga za chumvi. "Toka nimzae huyu hajachemsha hata maji ya kunawa," alisema. "Jumapili naamka namkuta amechuchumaa mbele ya jiko akipepea makaa. Nikasema leo jua limetokea magharibi!"

"Chungu kiko wapi?"

"Nilikiosha," Guoliang alisema haraka. "Kilikuwa kinanuka. Machicha nikayamwaga chooni."

Kapu la bibi likatua chini kwa kishindo. "Chooni? Wewe una akili? Nani anamwaga machicha ya dawa chooni! Ndiyo maana mwanamke wa watu amezidiwa, umeuzika ugonjwa ndani ya nyumba! Machicha yanamwagwa njiapanda, watu wayakanyage, ugonjwa uondoke na viatu vya wapita njia. Hata mtoto mdogo anajua."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi! Nashukuru ya Jumapili na ya Jumatatu niliyachukua mwenyewe nikayapeleka, la sivyo—"

Guoliang alikuwa ameshika vijiti vya kulia. Kimoja kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Tao. Tao akakiokota, akakiweka juu ya bakuli.

"Njiapanda ipi, mama?" aliuliza.

Ilikuwa ile ya kiwanda na soko la samaki, na Shuikou nzima ilipita hapo. Machicha ya watu wengi yalitapakaa katikati, ya zamani yakiwa yamegeuka tope, mapya yakiwa bado na rangi. Tao alipiga magoti na kijiko cha kuchotea tofu alichoazima kwa muuzaji wa kona ile.

"Inspekta, usiguse kwa mkono!" muuzaji wa tofu alipiga kelele. "Utaondoka na maradhi ya mtaa mzima! Na kijiko changu usinirudishie!"

Baiskeli zilimkwepa. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Sajini Pang alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni.

"Wewe mbona huinami?" Tao aliuliza.

"Mtaka cha mvunguni ndiye ainamaye," Pang alisema. "Mimi sijataka kitu. Nina goti baya na ndoa nzuri."

"Pang."

Akainama. Mama Guoliang aliwaonyesha mahali pake kwa ncha ya fimbo: kando ya mfuniko wa mtaro, pembe ya kushoto, hapo ndipo alipomwaga siku zote kwa sababu mama yake naye alimwaga hapo. Kulikuwa na marundo mawili, moja juu ya jingine, yamekanyagwa yakawa bapa. Walikwangua yote mawili wakayatia kwenye gazeti. Saa ya kiwanda ilionyesha saa nne kasoro robo.

Bi Jiang alikuwa mkata dawa wa Shi kwa miaka ishirini na sita. Kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa, alikuwa amekaa nje kwenye kizingiti kama mtu aliyefiwa, kisu chake kikiwa kimefungwa kitambaa mapajani. Tao alitandika gazeti miguuni pake.

"Nitenganishie haya."

Bi Jiang alisuuza machicha kwenye beseni, akachukua vijiti, akaanza kuyagawa kwenye karatasi nyeupe. "Danggui. Hii peoni. Huu uyoga wa mizizi ya msonobari, tazama, vipande vya mraba. Vyote vyetu. Unaona peoni? Ikiwa kavu, ukiipuliza inapaa. Ni kisu changu hicho." Kisha mkono ukasimama. "Hii si yetu."

Alikuwa ameshika nyuzi nyembamba za rangi nyekundu iliyochujuka.

"Honghua," alisema. "Ua la kusukuma damu." Akachomoa vipande vingine, vinene, vya rangi ya udongo, akavipeleka puani. "Na hii sanleng. Na hii ezhu. Zimekaangwa kwa siki, harufu haitoki hata ukizichemsha. Hizi zinavunja damu iliyoganda, Inspekta. Mwanamke aliyefunga damu miaka, tumbo gumu kama jiwe, ndiye anayepewa, na tabibu akiwa amesimama hapo. Ukimpa mtu damu yake haba kama Suyin..."

Tao alikuwa ameshaandika majina matatu kwenye karatasi. "Pang, pikipiki. Mpe Daktari Rao mkononi mwake. Na umwambie Shi anasema mkojo upimwe."

Pang, aliyekuwa na goti baya, alikimbia.

"Bi Jiang," Tao alisema, "kisu gani kimekata hizi?"

Yule mama aligeuza kipande cha sanleng kwenye mwanga. Kilikuwa kimekatwa mshazari, kinene upande mmoja, kama mtu anavyokata figili za kuchachusha. Aliinua kidevu tu, akaelekeza ng'ambo ya barabara, kwenye benchi tupu la Tabibu Kong.

"Na Suyin alikuwa anatibiwa nini hasa? Nataka kile ambacho Shi hataki kusema."

Bi Jiang alitazama barabarani pande zote mbili. "Alikuwa anavimba kweli, anazunguka kichwa kweli. Lakini alichotaka ni mtoto. Miaka mitano ya ndoa. Mama mkwe ameanza kumwita mpapai dume. Akamwomba tabibu kwamba nyumbani wasijue, wasije wakasema sasa ametangaza ugumba mpaka Mtaa wa Madawa. Nilimwambia, mwanangu, mficha uchi hazai. Mwambie mumeo akirudi kutoka kwenye ujenzi wa bwawa. Akasema atamwambia siku atakayokuwa na habari ya kumpa."

Kong alikuwa nyuma ya kaunta yake, anapanga droo ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Tao aliweka kipande cha sanleng mbele yake.

"Kisu chako."

"Visu vinafanana, Inspekta."

"Visu vya Mtaa wa Madawa havijawahi kufanana, na nyinyi wenyewe ndio mnaojisifia. Lete daftari la dawa kali."

Alilileta polepole. Jumamosi, tarehe nane Novemba: honghua, sanleng, ezhu. Dai Guoliang. Mwandiko ulikuwa wa Kong.

"Alisema mkewe hapati siku zake," Kong alisema. "Mteja akija na maneno hayo nitafanyaje, nimwite mwongo?"

"Ulimwona mgonjwa?"

"La."

"Ulimshika mapigo?"

"Inspekta—"

"Guoliang alikuja hapa kabla ya Jumamosi."

Hilo hakulijua, alilipapasia tu, lakini Kong alimeza mate, na koo lile jembamba halikuficha kitu. Nje, mtu aliuliza kama Tabibu Shi hajafungua, akakaa kwenye benchi la Kong kungoja.

Kong alimwona pia. Ndipo maneno yakamtoka kwa uchungu, kama jipu.

"Unaona? Amefungwa jela na bado wanamngoja kwangu! Miaka kumi na tisa! Mimi nilisoma kwa bwana mkubwa kuliko bwana wake. Vitabu anavyovitaja nimevihifadhi kwa moyo, yeye anachungulia. Lakini yeye ana vidole, wanasema. Vidole!" Akapiga kaunta. "Haya, Guoliang alikuja Jumatano. Ana cheti cha mkewe, amekiiba mkobani. Akaniuliza hii ni dawa ya nini. Nikamwambia kweli tupu: hii imeandikwa kitabuni, katika sura ya wanawake wajawazito. Imeandikwa huko! Fungua kitabu uone. Nikampa hongera."

"Imeandikwa huko tu?"

Kong alivuta droo moja, akairudisha.

"Tabibu Kong. Ipo na sura nyingine?"

"Ipo. Ya maumivu ya tumbo ya wanawake. Wenye mimba na wasio nayo."

"Ukamwambia?"

"Hakuuliza."

"Cheti cha kwanza kilikuwa cha tarehe nane Julai," Tao alisema. "Mtu yuko bwawani miezi kumi na moja anachomelea vyuma, anarudi Septemba, anakuta mke amevimba, anasikia kizunguzungu, na ana cheti cha Julai cha dawa ya wajawazito. Ukampa hongera. Jumamosi akarudi kununua dawa za kuvunja damu, nawe ukampimia kwa mkono wako."

"Nilidhani ni za mtu mwingine."

"Hukudhani. Ulikuwa na malalamiko yameshaandikwa kwa wino mweusi, umeacha nafasi ya jina. Toka lini?"

Kong alitazama lile benchi. "Mwaka jana," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa namsubiri akosee. Kila mtu hukosea. Yeye hakosei! Jana ilikuwa Jumanne, siku yake huyo Suyin, na huwa anakaa pale mwisho wa benchi. Saa kumi ikafika hajaja. Nikajua."

"Ukajua, ukachukua kalamu ya bluu."

"Mimi sikumnywesha mtu."

"Hapana. Wewe ulingoja tu. Ulimi hauna mfupa, Tabibu, lakini mizani unayo, na jina lako limo daftarini. Vaa koti."

Pang alirudi kituoni saa saba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Damu ilikuwa imeanza kukatika. Daktari Rao alikuwa amesema majina yale matatu yalifika dakika ya mwisho, na kwamba Suyin ataishi. Pia alikuwa ametuma bahasha. Tao aliifungua akisimama, akasoma, akarudia kusoma, kisha akaikunja ndogo na kuitia mfuko wa kifuani. Pang, ambaye kwa kawaida angeuliza, alimtazama usoni akaacha.

Guoliang aliletwa. Tao alitandaza mbele yake karatasi nyeupe ya Bi Jiang, machicha yamegawanywa: mafungu sita upande mmoja, matatu upande wa pili.

"Haya matatu unayajua."

"Sijui majani mimi. Mimi ni mtu wa vyuma."

"Umeyachemsha siku tatu. Mama yako aliyapeleka njiapanda, na Kong ameshasema."

Mchomeleaji yule aliyatazama mafungu. Mikononi alikuwa na makovu madogo ya cheche, mengi, ya zamani na mapya. Alipoanza kusema hakumwangalia Tao, alimwambia yale machicha.

"Atapona?"

"Atapona."

Akavuta pumzi ndefu. "Wewe hujui. Nilirudi na vitambaa, na redio, na hamu ya miezi kumi na moja. Kila Jumanne anavaa blauzi yake ya maua anatoka. Unaenda wapi? Dukani. Unaumwa nini? Uchovu tu. Uchovu tu, na mkobani ana cheti! Jumanne ya wiki iliyopita nikamfuata. Nilisimama pale kwenye benchi la Kong, nawaona kupitia dirishani. Wagonjwa wengine yule anawashika, anaachia, anaandika. Mke wangu alimshika mkono, akafumba macho. Nikawasha sigara. Akabadilisha mkono wa pili, akafumba tena. Sigara ikaisha, nikawasha nyingine. Na Suyin anamtazama usoni hapepesi, kama mtu anayengoja zawadi. Mimi hajanitazama hivyo toka nirudi. Hajanitazama hivyo hata siku ya harusi!"

"Ukaenda kwa Kong."

"Kesho yake. Akanipa hongera." Guoliang alicheka, na kicheko kile hakikuwa na afya. "Mwezi wa saba mimi niko bwawani, yeye anakunywa dawa ya wajawazito. Tumbo limevimba, miguu imevimba, asubuhi kichwa kinazunguka. Mtu anahitaji kuonyeshwa nini zaidi? Sikutaka afe, Inspekta, naapa kwa mama yangu. Nilitaka kile cha Shi kitoke. Kikishatoka ningenyamaza, ningemsamehe, tungeanza upya."

Sajini Pang aliacha kutafuna.

"Ulirudi tarehe ngapi?" Tao aliuliza.

"Mbili Septemba. Ninyi si mna karatasi zangu za bwawani?"

"Ninazo. Ni wiki ngapi mpaka leo?"

"Kumi."

Tao akatoa ile karatasi kifuani, akaikunjua juu ya meza, kando ya mafungu matatu. "Hospitali wamempima. Ni kweli alikuwa na mimba, nayo imetoka."

Guoliang aliinuka nusu, na uso ukamwaka kwa ushindi mbaya ambao Tao hakuwahi kuuona hata kwa wezi. "Si nilisema! Si nilisema! Mnaona sasa—"

"Ya wiki saba."

Alibaki hivyo hivyo, hajakaa wala hajasimama. Midomo ikaanza kwenda bila sauti. Alihesabu kwa vidole vyake vyenye makovu, akafika saba, akarudi akaanza tena moja.

"Saba tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipokuwa umeshakaa nyumbani wiki tatu nzima. Ile ya Julai ilikuwa dawa ya kumkausha maji na kumjaza damu, ili ukirudi aweze kukuzalia. Alikuficha kwa sababu alitaka akuambie siku atakayokuwa na habari."

Guoliang akakaa. Alitafuta mahali pa kuweka mikono akakosa, mezani pote palikuwa na machicha.

"Lakini alifumba macho," alisema. "Niliona kwa macho yangu. Mkono huu, halafu mkono ule. Sigara mbili nzima."

"Alikuwa anamsikiliza mwanao, Guoliang. Mapigo ya Suyin yalikuwa yamebadilika wiki ile, na Shi hakutaka kusema mpaka awe na uhakika. Alikuwa anamtafuta kwa vidole."

Nje mtu alipita na baiskeli, akagonga kengele. Guoliang aliuangalia mkono wake wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akajiwekea vidole vitatu hapo chini ya kifundo kama alivyomwona Shi akifanya.

"Alimsikia?" aliuliza.

"Ndiyo," Tao alisema. "Alimsikia."